Kodi ya Mshahara Ikipunguzwa, Nani Anabaki na Nini?

Kila Juni, bajeti ikishasomwa bungeni Dodoma, magrupu ya WhatsApp ya wafanyakazi wa Dar es Salaam hujaa ujumbe wa aina moja: PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, imeguswa, au haijaguswa, au iguswe. Mwisho wa Julai mshahara unaingia na watu walewale wanaulizana hiyo nafuu imepitia mlango gani. Ilikuwa hivyo Julai 2021, kiwango cha chini cha kodi kiliposhushwa kutoka asilimia 9 hadi asilimia 8. Yako maelezo mawili yaliyoenea wakati ule na hadi leo yanasikika kwenye daladala na maofisini. La kwanza, kwamba mshahara wote sasa unakatwa asilimia 8. La pili, kwamba punguzo lile lilikuwa la wa kima cha chini tu, wenye mishahara minono hawakuonja kitu. Yote mawili si kweli, na sababu ni moja.

Tuanze na maneno yenyewe. Mshahara ghafi ni jumla unayolipwa kabla ya makato yoyote. Mshahara wa mkononi ni unaoingia benki baada ya makato. Katikati yake kuna kiasi cha tatu ambacho watu wengi hawakitazami kwenye slipu: kiasi kinachotozwa kodi. Hiki ni mshahara ghafi ukiondoa mchango wako wa hifadhi ya jamii. Kwa sekta binafsi, mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake, yaani asilimia 10, inatoka kwako. Kwa watumishi wa umma walio PSSSF, mfanyakazi anachangia asilimia 5 na mwajiri 15. Mchango huo unaondolewa kwanza, ndipo kodi inapigwa. Makato mengine kama bima ya afya, mkopo wa elimu ya juu, ada ya chama cha wafanyakazi na marejesho ya SACCOS hutolewa kando na hayapunguzi kodi.

Jedwali lililoanza kutumika Tanzania Bara Julai 2021 liko hivi, kwa mwezi:

Hadi shilingi 270,000: hakuna kodi.
Kuanzia 270,000 hadi 520,000: asilimia 8 ya kinachozidi 270,000.
Kuanzia 520,000 hadi 760,000: shilingi 20,000, na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000.
Kuanzia 760,000 hadi 1,000,000: shilingi 68,000, na asilimia 25 ya kinachozidi 760,000.
Zaidi ya 1,000,000: shilingi 128,000, na asilimia 30 ya kinachozidi 1,000,000.

Ufunguo wa jedwali zima ni neno "kinachozidi". Zile shilingi 20,000, 68,000 na 128,000 zinazoonekana kama adhabu ya kuingia daraja jipya si kitu kipya. Ni jumla ya kodi ya madaraja uliyokwisha kuyapita. Asilimia 8 ya 250,000 ni 20,000. Ongeza asilimia 20 ya 240,000 utapata 68,000. Ongeza asilimia 25 ya 240,000 nyingine, unafika 128,000. Mtu wa milioni tano naye ana shilingi 270,000 za kwanza ambazo hazitozwi, na ana 250,000 zinazofuata zinazotozwa asilimia 8, sawasawa na mlinzi wa getini kwake.

Anayetumia umeme wa TANESCO wa kundi la D1 tayari anaijua hesabu hii. Uniti 75 za kwanza kwa mwezi zinauzwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na zinazozidi hapo zinauzwa shilingi 350. Ukinunua uniti ya 76, zile 75 hazipandi bei. PAYE inafanya kazi hivyohivyo. Ila nadhani hofu ya watu imetokana na upande wa pili wa D1: ukizoea kuvuka uniti 75 unahamishwa kundi, unapelekwa T1, na huko kila uniti inakuwa na bei ya juu tangu ya kwanza. Kwenye umeme hofu ya kuvuka ina msingi. Kwenye mshahara haina, kwa sababu hakuna daraja linalokuhamisha mzima mzima.

Kwa hiyo kauli ya "nimeongezwa mshahara, nimeingia daraja la juu, napokea pungufu ya zamani" haiwezi kuwa kweli kwa sababu ya PAYE. Chukua mtu wa sekta binafsi aliyekuwa na mshahara ghafi wa 1,100,000 akaongezwa 50,000. Mwanzo NSSF ilikuwa 110,000, kiasi kinachotozwa kodi 990,000, na kodi 125,500. Sasa NSSF ni 115,000, kinachotozwa ni 1,035,000, na kodi 138,500. Amevuka mstari wa milioni moja na kuingia asilimia 30, lakini kati ya ile 50,000 kodi imechukua 13,000, NSSF imechukua 5,000, na 32,000 zimebaki mkononi.

Mbona basi wapo wanaoapa kwamba mkononi pamepungua? Mara nyingi kuna kitu kingine kimeingia mwezi huohuo. Mkubwa kuliko vyote ni mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, unaokatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mhasibu wa kampuni binafsi maeneo ya Posta mwenye mshahara wa msingi wa 1,200,000 bila posho nyingine anakatwa PAYE 152,000, lakini HESLB inamkata 180,000. NSSF ni 120,000. Anabaki na 748,000, na akilalamika atasema "kodi imenimaliza", ilhali kodi ndiyo ya pili kwa ukubwa. Ukishusha PAYE ya mtu huyu kwa asilimia moja ya daraja la chini, hatahisi. Siku atakayomaliza deni la Bodi, atahisi.

Punguzo la 2021 na la 2020: watu wanne

Ili kuona punguzo linavyogawanyika, tuwaweke mezani watu wanne walioajiriwa sekta binafsi na wote wanachangia NSSF asilimia 10. Mlinzi wa Mbagala, mshahara ghafi 300,000. Dereva wa kampuni ya usambazaji pale Tabata, 450,000. Mhasibu wetu wa Posta, 1,200,000. Meneja anayekaa Masaki, 6,000,000.

Julai 2021, asilimia 9 ilipokuwa 8, kilichoguswa ni kipande kimoja tu cha mshahara: kile cha kati ya 270,000 na 520,000. Kipande hicho kina urefu wa shilingi 250,000, na asilimia moja yake ni 2,500. Hilo ndilo lilikuwa punguzo kubwa kuliko yote nchini kwa mwajiriwa mmoja, awe nani.

Mlinzi, baada ya NSSF, kinachotozwa kodi ni 270,000 kamili. Hakuwa analipa kodi, hakupata kitu. Dereva anabaki na 405,000 baada ya NSSF. Kodi yake ilitoka 12,150 ikawa 10,800, akapata 1,350 kwa mwezi. Mhasibu alitoka 154,500 hadi 152,000, akapata 2,500. Meneja alitoka 1,450,500 hadi 1,448,000. Naye 2,500.

Angalia kilichotokea. Punguzo lililotangazwa kuwa la kipato cha chini limempa meneja karibu mara mbili ya dereva, na mlinzi halikumpa chochote. Hakuna aliyedanganya. Ndivyo madaraja yalivyo: kila anayesimama juu lazima awe amepita chini, kwa hiyo ukipunguza chini unawapunguzia wote walio juu yake. Kwa uwiano, hata hivyo, dereva amepata asilimia 0.3 ya mshahara wake na meneja asilimia 0.04. Mwandishi mmoja anaweza kuandika "wakubwa wamenufaika zaidi" na mwingine "wadogo wamenufaika zaidi", wote wakiwa na kikokotoo kimoja mkononi. Ukisoma habari ya punguzo la kodi, jambo la kwanza la kutafuta ni kama inahesabu shilingi au inahesabu sehemu ya mshahara.

Mabadiliko ya mwaka uliotangulia, Julai 2020, hayakupigiwa kelele kiasi hicho, lakini ndiyo yaliyokuwa na uzito. Kiwango cha chini hakikushuka. Kilibaki asilimia 9, kama kilivyokuwa tangu 2016 kiliposhushwa kutoka 11. Kilichobadilika ni mipaka. Kima kisichotozwa kodi kilipanda kutoka 170,000 hadi 270,000, na madaraja yote yakasogezwa juu. Kabla ya hapo asilimia 20 ilikuwa inaanza kwenye 360,000, asilimia 25 kwenye 540,000, na asilimia 30 ilimkuta mtu tayari kwenye 720,000.

Warudishe watu wanne. Mlinzi alikuwa analipa 9,000, akaacha kulipa kabisa. Dereva alikuwa analipa 26,100, ikawa 12,150, akapata 13,950. Mhasibu alitoka 206,100 hadi 154,500, akapata 51,600. Meneja alipata 51,600 hizohizo. Kwa uwiano wa mshahara: mlinzi asilimia 3, dereva 3.1, mhasibu 4.3, meneja 0.86.

Kwa hiyo aliyenufaika zaidi 2020 kwa uwiano, huku kwa shilingi akilingana na meneja, ni mtu wa kati, wa mishahara ya kuzunguka milioni moja. Ni jambo ambalo halionekani kabisa kwenye kichwa cha habari kinachosema "kima kisichotozwa kodi chapanda". Mlinzi aliyepewa jina la mnufaika amepata 9,000, kwa sababu huwezi kumwondolea mtu kodi zaidi ya aliyokuwa anailipa.

Aina ya tatu ya punguzo haijafanyika kwetu miaka hii, ila inapendekezwa mara kwa mara: kushusha kiwango cha juu. Tuseme asilimia 30 ya kinachozidi milioni moja ishushwe iwe 25. Mlinzi, sifuri. Dereva, sifuri. Mhasibu, 4,000. Meneja, 220,000 kila mwezi, ambayo ni asilimia 3.7 ya mshahara wake. Hapa shilingi na uwiano vinaelekea upande mmoja, na hakuna namna ya kuandika habari hiyo ikaonekana ni ya wanyonge. Hoja ya wanaoipendekeza ni nyingine, kwamba kodi ya juu inafukuza wataalamu na kuwafanya waajiri wafiche malipo kwenye marupurupu. Inaweza kujadiliwa. Lakini ijadiliwe kwa jina lake.

Je, hakuna namna ya kumpa wa chini bila kumpa wa juu? Ipo, na ni ya hesabu ndogo. Chukulia daraja lote la asilimia 8 linafutwa. Kila ambaye kiasi chake kinachotozwa kodi kinazidi 520,000 anapata nafuu ya 20,000, meneja akiwemo. Ukitaka kuirudisha ya meneja bila kumgusa mhasibu, unaongeza daraja jipya juu: asilimia 31 badala ya 30 kwa kinachozidi, tuseme, milioni tatu. Meneja, ambaye kinachotozwa kwake ni 5,400,000, ataongezewa 24,000, na nafuu yake itakuwa imemezwa na kuzidi kidogo. Serikali inayopunguza chini bila kugusa juu imechagua kumpa kila mtu. Huo ni uamuzi halali, ila una gharama, na gharama hiyo lazima ilipwe kutoka mahali.

Mshahara mmoja au miwili ndani ya nyumba

Mpaka hapa tumesema habari za mtu mmoja mmoja, kwa sababu hivyo ndivyo PAYE inavyomwona mtu. Haijui kama una watoto watano, mama mgonjwa na mdogo wako anayesoma chuo, au unaishi peke yako chumba na sebule Sinza. Mishahara sawa, kodi sawa. Kenya kuna nafuu binafsi ya shilingi zao 2,400 kwa mwezi inayokatwa kwenye kodi ya kila mkazi, na hiyo ndiyo inayowachanganya watu wakisoma maelezo ya mitandaoni ya jirani zetu na kudhani tunayo. Sisi tunacho kima kisichotozwa tu. Na hata hiyo ya Kenya haihesabu vichwa vya watoto.

Matokeo yake ni kwamba nyumba mbili zenye kipato sawa zinaweza kulipa kodi tofauti sana. Nyumba ya kwanza, Kimara, mume na mke wameajiriwa, kila mmoja 600,000. Kila mmoja anachangia NSSF 60,000, kinachotozwa ni 540,000, kodi 24,000. Wawili wanalipa 48,000. Nyumba ya pili, jirani, anafanya kazi mmoja tu na analipwa 1,200,000. Yeye analipa 152,000. Tofauti ni shilingi 104,000 kwa mwezi, karibu pango la chumba kimoja maeneo mengi ya jiji hili, na nyumba zote mbili zinaingiza 1,200,000.

Kwa nini? Nyumba ya kwanza inatumia kile kipande cha bure cha 270,000 mara mbili, na kipande cha asilimia 8 mara mbili. Ndiyo maana punguzo la daraja la chini linaipa nyumba ya watu wawili waliovuka 520,000 nafuu mara mbili ya nyumba ya mtu mmoja, hata kama mmoja huyo analipwa kuwazidi. Anayetaka kujua punguzo limefanya nini kwa familia asihesabu mshahara mkubwa wa nyumba hiyo, ahesabu mishahara ni mingapi.

Kuna mtego mmoja hapa. Kazi mbili za mtu mmoja si sawa na watu wawili. Ajira ya pili hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, kwa kuwa kima cha bure na madaraja ya chini yameshatumika kwenye ajira kuu. Mwalimu anayefundisha shule moja asubuhi na kuajiriwa kwa muda shule nyingine jioni kwa 300,000 atakatwa 90,000 kwenye hiyo ya jioni, ikiwa haina makato mengine. Punguzo la asilimia 9 kwenda 8 halikumgusa huko kabisa. Na anayelipwa kidogo sehemu zote mbili anaweza kujikuta amekatwa kuliko anavyostahili kwa mwaka mzima, kwa kuwa kodi hii kisheria ni ya mwaka: 270,000 mara 12 ni 3,240,000. Hapo ndipo ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato inayopelekwa mamlaka ya kodi, inapokuwa na kazi.

Punguzo linaloliwa kimyakimya

Mipaka ya madaraja haipandi yenyewe bei zikipanda. Ile 270,000 iliwekwa Julai 2020. Tazama ilivyomkuta mtumishi wa umma wa kima cha chini, anayechangia PSSSF asilimia 5. Akiwa na 300,000, kinachotozwa kilikuwa 285,000 na PAYE yake, kwa jedwali la 2021, ilikuwa 1,200. Julai 2022 kima cha chini serikalini kikawa 370,000: PAYE ikawa 6,520. Mei Mosi 2025, Singida, Rais Samia alitangaza nyongeza ya asilimia 35.1 na kima cha chini kikawa 500,000 kuanzia Julai: PAYE ikawa 16,400.

Hakuna bajeti iliyoongeza kodi ya mtu huyu. Viwango ni vilevile, mipaka ni ileile. Lakini ametoka kulipa asilimia 0.4 ya mshahara hadi kulipa asilimia 3.3. Mkononi amepata zaidi, hilo halina ubishi: mshahara umepanda kwa 200,000 na kodi kwa 15,200. Ninachosema ni kwamba kima kisichotozwa kodi kilipowekwa kilimwacha mtumishi wa chini kabisa akiwa karibu nje ya PAYE, na sasa yuko ndani kabisa, amebakiza kidogo kufika daraja la asilimia 20. Mtu akidai kupunguziwa kodi, asiishie kutazama asilimia 8. Kusogeza mipaka ndiko kunakofanya kazi, na ukiniuliza ningechagua shilingi 50,000 za kuongeza kwenye kima kisichotozwa kuliko asilimia moja ya kupunguza kwenye kiwango. Kuongeza 50,000 kunaokoa 4,000 kwa kila aliyevuka 320,000. Asilimia moja inaokoa 2,500 kwa aliyevuka 520,000, na walio chini yake wanapata vipande.

Nyumba isiyo na slipu

Sehemu kubwa ya jiji hili haina slipu ya mshahara. Mama lishe wa Temeke, dereva wa bodaboda, fundi wa Gerezani, anayeuza mitumba Karume. PAYE ipande au ishuke, kwao ni habari ya redioni. Kodi ya mapato ya wengi wao ni ya mauzo: biashara ya mtu binafsi yenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka haitozwi, na kuanzia hapo hadi milioni 7 asiyetunza kumbukumbu analipa 100,000 kwa mwaka, huku anayetunza akilipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 5 na daftari safi analipa 30,000. Bila daftari, 100,000. Tofauti hiyo ya 70,000 kwa mwaka inazidi punguzo lote la PAYE la 2021 kwa miezi kumi na miwili, ambalo kwa juu kabisa lilikuwa 30,000.

Kodi inayowafikia watu hawa na pia mlinzi wetu wa Mbagala ni ile iliyojificha kwenye bei. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 18 iko kwenye sabuni, kwenye mabati, kwenye vocha. Haiko kwenye nyanya za genge wala ndizi mbichi, kwa kuwa mazao ya shambani yasiyosindikwa yamesamehewa. Ndani ya kila 11,800 unayolipa kwa bidhaa yenye VAT ya asilimia 18, 1,800 ni kodi, uwe na mshahara au usiwe nao.

Ndiyo sababu bajeti haisomwi kwa mstari mmoja. Rudi 2021. Julai ileile PAYE iliposhushwa, tozo ya miamala ya simu ilianza, ya hadi shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na baada ya malalamiko ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba. Tozo ya mafuta iliongezwa shilingi 100 kwa lita ya petroli na dizeli. Agosti, kodi ya majengo ikaanza kukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ambayo tangu 2023 ni 1,500. Kodi ya majengo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, na si wapangaji wote wenye ujasiri wa kuidai kwenye pango.

Weka pamoja. Meneja amepata 2,500 za PAYE na hatukumbuki kumsikia akizitaja. Dereva amepata 1,350, LUKU imechukua 1,000 kama mita ni yake peke yake, na zilizobaki ni 350 za kukabili tozo ya kumtumia mama yake fedha kijijini. Mlinzi hakupata kitu na LUKU ilimkuta, tozo ilimkuta. Kwenye karatasi kodi ya mapato ilishuka. Kwenye nyumba ya mlinzi mwaka ule mzigo uliongezeka.

Usichanganye pia na kodi za mwajiri. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, nayo imewahi kushushwa, na wapo walioisubiri kwenye slipu. SDL haitoki kwenye mshahara wako. Inalipwa na mwajiri juu ya mshahara. Ikishuka, mwajiri ndiye anapumua.

Kuhakikisha punguzo limekufikia

Hotuba ya bajeti ni pendekezo. Muswada wa fedha ukishapitishwa na kusainiwa, viwango vipya huanza Julai 1, na slipu ya kwanza kuvibeba ni ya mwisho wa Julai. Mshahara wa Juni uliochelewa ukalipwa Julai huleta ubishi wa bure. Angalia ni wa mwezi gani.

Chukua slipu ya Juni na ya Julai. Toa NSSF au PSSSF kwenye mshahara ghafi, tafuta daraja lako, ondoa mpaka wa chini wa daraja, zidisha kwa asilimia, ongeza kiasi cha madaraja yaliyopita. Kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, kipo kikokotoo cha kuhakiki. Makosa yanayojirudia ni matatu: ofisi haijabadilisha jedwali kwenye programu ya mishahara, kodi imepigwa kabla ya kutoa hifadhi ya jamii, au malimbikizo ya miezi kadhaa yamelipwa mara moja na kusukuma sehemu yake hadi asilimia 30. Kosa la pili ni ghali kuliko linavyoonekana: kwa mhasibu wetu, kupiga kodi kwenye 1,200,000 badala ya 1,080,000 ni 36,000 za ziada kila mwezi.

Ukikuta kosa, lipeleke kwa anayeandaa mishahara mapema, kwa maandishi, pamoja na hesabu yako. Mwajiri anatakiwa kuwasilisha PAYE TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo kosa la Julai likionekana kabla ya Agosti 7 linarekebishwa ofisini. Baada ya hapo fedha imeshaondoka, na kuirudisha kunahitaji kurekebisha ritani iliyokwisha wasilishwa.